Fainali ya Masters ya snuka, Alexandra Palace: nenda, ila kata tiketi mapema

Nimeshaenda uwanjani kuangalia mpira mara nyingi tu, ila sijawahi kukaa kimya vile na moyo ukinidunda vile kama Jumapili ile ya Januari 2025, fainali ya Masters ya snuka (ndugu yake pool, mipira ya rangi unaiingiza mifukoni kwa fimbo kwenye meza kubwa), Alexandra Palace, kaskazini ya London. Nilienda na anko wangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, na yeye kule ana meza ya pool kibarazani kwake vijana wanalipia kwa gemu, kwahiyo huyu si mtu wa kumdanganya kwenye mambo ya fimbo na chaki.

Kwa asiyejua, haya ni mashindano ya mwaliko. Wanaitwa 16 walio juu kwenye renki ya dunia, basi, ukifungwa mara moja unafunga fimbo yako unarudi nyumbani. Yalianza 1975, pointi za renki hayatoi, ila mshindi wa 2025 alikunja pauni 350,000 na heshima yake ni kubwa mno. Na mimi nakwambia ukweli, kama hujawahi kuangalia snuka laivu anzia hapa, usianzie ubingwa wa dunia kule Sheffield, maana Sheffield raundi za mwanzo wanaweka meza mbili na kizuizi katikati, unamwangalia mtu wako anapima mpira mgumu mara upande wa pili watu wanalipuka makofi. Hapa meza ni moja tangu siku ya kwanza, macho ya ukumbi mzima yako pale kwenye kile kitambaa cha kijani.

Na ule ukimya jamani. Taa ziko juu ya meza tu, watu wamekaa gizani, unasikia kabisa mtu akisugua chaki kwenye ncha ya fimbo, unasikia mpira mweupe unavyoteleza taratibu halafu ule mdundo mkavu wa mwekundu ukizama mfukoni. Refa na glavu zake nyeupe anaokota mweusi, anaurudisha kwenye alama yake, anainama kidogo kuhakikisha umekaa sawa. Anko alininong'oneza, "Mjomba, hapa hata kukohoa ni dhambi." Simu unazima, na ukitoka nje unasubiri fremu, yaani gemu moja, iishe ndio uingie, hilo zingatieni sana kama mnaenda na watoto.

Matokeo sasa. Bingwa mtetezi Ronnie O'Sullivan alijitoa kwa sababu za kiafya kabla hata hawajaanza, na huyo ndiye mwenye vikombe 8 vya hapa, cha kwanza 1995 akiwa na miaka 19 na cha mwisho 2024 akiwa na 48. Niliumia, kusema kweli. Ila Shaun Murphy akatuponya. Kwenye nusu fainali dhidi ya Mark Allen alipiga 147, yaani pointi zote hizo kwa zamu moja mezani, sisi tulikuwa nyumbani kwenye tivii, na kwa anayecheza pool tu nieleze kidogo: unaingiza nyekundu zote 15 (pointi 1 kila moja) na kila moja unaifuatisha na mweusi (pointi 7, unarudishwa mezani kila mara), hapo una 120, halafu unamaliza zile rangi sita kwa mpangilio zinakupa 27, na hukosi hata mpira mmoja. Alipobaki na mweusi wa mwisho anko alishasimama kwenye kochi kashika kichwa.

Fainali akakutana na Kyren Wilson, bingwa wa dunia wa 2024, aliyemtoa Judd Trump. Murphy aliongoza vizuri, tukadhani imeisha, Wilson akaanza kurudisha fremu moja baada ya nyingine na pale ukumbini ukawa unaona mabega ya watu yanapanda. Ikaisha 10-7 kwa Murphy, kikombe chake cha pili hapa, miaka 10 baada ya kile cha 2015.

Anko aliniuliza kama kuna Mwafrika ameshabeba hiki kitu. Yupo! Perrie Mans wa Afrika Kusini, 1979, alimfunga Alex Higgins 8-4. Anko alifurahi kama vile ni mtoto wa jirani.

Kikombe chenyewe kina jina la Paul Hunter. Huyu kijana alishinda 2001, 2002 na 2004, na zote tatu aliwafunga watu 10-9 baada ya kuachwa mbali, halafu kansa ikamchukua Oktoba 2006 akiwa na miaka 27. Ukilijua hilo, kile kikombe kikinyanyuliwa unakiangalia kwa jicho lingine.

Kasoro. Tiketi mimi nilichelewa, nikaichukua kwa muuzaji wa pembeni mtandaoni, akanitoza karibu mara mbili ya bei iliyoandikwa na viti vikawa pembeni kabisa, mfuko mmoja wa kona hatukuuona usiku kucha. Msifanye hivyo, kateni mapema zikitoka tu. Pia ule mlima wa kwenda juu Januari baridi yake inakata masikio, ukishuka treni Wood Green panda basi W3, usijifanye mtembeaji.

Nyota nne na nusu kwa tano. Anko kasharudi Tanga na anawalazimisha vijana wake wanyamaze mwenzao akipiga.