RAID 5 au RAID 10 kwa studio ya picha Mwembe Tayari

RAID hapa ni kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, ili moja ikifa data ibaki. RAID 5 hutawanya data pamoja na pariti, yaani hesabu ya kurudishia kilichokuwa kwenye diski iliyokufa; RAID 10 huweka kila data kwenye diski mbili pacha. Ukiwa na diski nne za terabaiti 4 kila moja, RAID 5 inakupa nafasi ya terabaiti 12, RAID 10 inakupa 8. Kwa bei, ya kwanza imeshinda. Lakini kwa RAID 5, stima ikipotea katikati ya kuandika, data mpya yaweza kufika diskini huku pariti ikibaki ya zamani. Huoni kitu, mpaka diski moja ife na hesabu ikurudishie bibi harusi nusu uso. RAID 10 haina pariti. Diski ikifa, mpya inakopiwa kutoka kwa pacha mmoja tu, si kusoma zote tatu zilizobaki kama RAID 5, usiku kucha na feni ikilia. Mimi nachukua 10. Ila pacha naye akifa kabla kazi hiyo ya kukopi haijaisha, umekwisha. UPS, betri ya kushikilia mashine stima ikipotea, nunua vyovyote vile, na nakala iwekwe nyumba nyingine.