Ullozhukku: Msiba unaosubiri maji yapungue

Katika filamu ya Ullozhukku, Thomaskutty amefariki, lakini eneo la Kuttanad, jimbo la Kerala nchini India, limefurika na kaburi la ukoo limezama. Mama yake, Leelamma, hataki mwanawe azikwe kwingine. Watu wa Kasese, Uganda, wanaoujua Mto Nyamwamba ukivunja kingo hawahitaji maelezo zaidi.

Filamu hii ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Christo Tomy, inawafungia mama mkwe na mjane, Anju, ndani ya nyumba iliyoingia maji, kila mmoja na siri yake. Ya Anju inafichuka mapema. Ya mama ndiyo inayokata maini, na sitaitaja hapa. Urvashi, aliye Leelamma, anaigiza huzuni bila kupiga mayowe: anaburuta miguu majini, anatoa amri ndogondogo za nyumbani, na ghafla uso unamporomoka. Tuzo ya Taifa ya India aliyopata ni haki yake kabisa. Parvathy Thiruvothu, aliye Anju, naye anajibana mpaka unataka kumsemea. Rajeev, mpenzi wa Anju, ndiye aliyeandikwa juu juu. Hasira zake zinakuja bila mizizi.

Ni saa mbili na dakika chache. Usisubiri iletwe kwenye kibanda cha video ikiwa imetafsiriwa na VJ, yule anayesimulia filamu kwa lugha ya watazamaji, maana sauti yake itafunika mvua na ukimya, na humo ndimo siri zinamotokea. Sikiliza Kimalayalam chenyewe, soma maandishi ya chini. Picha nyingi zina giza, kwa hiyo kwenye simu ongeza mwanga au itazame usiku.