Lupin: kijana wa miaka 14 anaweza kuiangalia?

Jibu langu ni ndiyo, lakini mkubwa akae naye pale pale, na naeleza kwa nini, juu hii seri imeingia mu nyumba mingi hapa Goma na wazazi wengi wanaona tu Omar Sy, mwenye kuicheza, anacheka kwenye picha wanasema aah hii ni ya kuchekesha, wanaachia watoto telefone wanaenda zao.

Haiko ya kuchekesha. Ni seri ya Wafaransa, ilitoka Netflix Januari 2021, sehemu 3 zilizotoka mpaka 2023 zina episodi 17 zote pamoja. Assane Diop, mtoto wa Msenegali, anaibaga kwa akili na kwa kujibadilisha sura, bunduki haiko kazi yake. Babake Babakar alikuwa shofa wa tajiri mmoja wa Paris, mkufu wa bei kali ukapotea, wakamsingizia, akafungwa, akajinyonga mu gereza wakati Assane bado kijana. Yote anafanya baadaye inatokea pale.

Damu ni kidogo, matusi ya Kifaransa yako, mapenzi yako lakini kamera haikawii pale. Kitu kilinisumbua mimi ni kamba. Kwanza baba, kisha yule mama mwandishi wa habari aliyekuwa anamsaidia Assane, anakutwa ananing'inia nyumbani kwake, kumbe wamemuua wakapanga ionekane alijimaliza mwenyewe. Kijana aliyefiwa na mtu namna hiyo mu familia, ao ule ambaye siku hizi amenyamaza tu hata chakula hataki, huyo musimuwekee, tafuteni ingine.

Na kuna Raoul, mtoto wa Assane. Mwisho wa episodi ya 5 wanamteka pale Étretat, mji wa pwani kule Ufaransa, siku yake ya kuzaliwa, babake anabaki anazunguka mu watu kama mwenda wazimu. Mtoto wa Paris akiangalia hiyo ni hadithi, lakini mtoto wa Goma anaweza kukutajia jirani aliyetekwa, anajua na ile simu inapigwaga usiku kuomba pesa. Msikate pale mukaenda kulala. Ingieni ya 6 mara moja, muendelee mpaka wajue mtoto yuko hai.

Sasa uzuri wake. Tulikuwa tunaangalia na watoto wa dada yangu, yule wa miaka 15 akaniuliza, "Tantine, kama hakuiba, kwa nini alisaini?" Nikasimamisha pale pale. Babakar alisaini karatasi ya kukubali wizi juu bibi wa tajiri alimwambia akikubali kosa itakuwa afadhali kwake, na yeye alimwamini. Tukaongea mpaka kuran, ni kusema umeme, ikaenda, hata yule mkubwa ambaye haongeaga nyumbani, juu hapa kwetu mtu anaitwa mwizi mu barabara na kabla hata ya kumuuliza jina mawe yameshaanza kuruka. Baadaye Assane anasoma tena barua moja ya babake, anashangaa imejaa makosa wakati mzee Kifaransa alikuwa anakijua vizuri sana, na yale makosa ukiyaunganisha yanatoa jina la mtu. Watoto walipiga kelele! Seri inayofanya kijana afurahie kusoma barua kwa makini, mimi naiheshimu.

Wizi wenyewe unavutia, hiyo siwafichi, Assane anapendeza na matajiri anaowaibia hawatii huruma. Ndiyo maana nasema mkubwa awepo. Waonyeshe namna anamuahidi Raoul kisha haji, namna Claire mama ya mtoto amechoka na uongo, na mwishowe adui wa baba anamshika mtoto.

Kitu kingine, wengi tunachukuaga kwa flashi mu vile vibanda vya kukopi filimu, na pale alama ya umri haionekani kabisa, unapata tu jina la fayilo. Kwa hiyo angalia mwenyewe kwanza episodi mbili tatu. Na uombe yenye sauti ya Kifaransa yenyewe, ile ya kutafsiriwa midomo inaenda kwake na maneno kwake.

Sehemu ya 3, ya Oktoba 2023, imelegea kidogo kwangu, lakini mama ya Assane anatokea na watoto walimpenda sana. Wa miaka 11 kurudi chini wangoje, hata wakilia.