Mifuko ya PICS na Kablanketi ya mama: uzoefu wangu wa msimu mzima

Ukitia mkono katikati ya gunia la maharage ukakuta joto, ujue umechelewa. Mimi joto hilo nililikuta Novemba ya mwaka juzi nilipokwenda kuchota mbegu. Punje za juu zilikuwa nzima, ila nilipofika chini nikakutana na matundu ya duara, yamekatwa safi kama kwa wembe, na unga unga umetuama kwenye kona za gunia. Maharage yamebunguliwa, karibu nusu gunia.

Yangekuwa maharage ya kawaida ningelia kidogo nikanunua mengine. Hii ilikuwa Kablanketi ya mama, aina ya maharage ambayo naye alipewa na mama yake huko Njombe. Mimi naishi karibu na Uyole, Mbeya, kwenye kituo cha utafiti kilichotoa mbegu bora za maharage kwa miaka mingi. Baadhi nimezipanda na kweli zinazaa kuliko hii. Lakini Kablanketi ukiichemsha inatoa mchuzi mzito wenyewe, huhitaji nazi wala karanga, na ile ya sokoni imeshachanganywa na kila kitu.

Kabla ya hapo nilikuwa nakwenda na dawa ya unga. Mwaka ule nilinunua iliyopimwa kwenye kifuko kisicho na lebo, duka silitaji, na sijui hata kama ilikuwa dawa au chokaa. Mama anatumia majivu. Yanasaidia, ila yanatakiwa mengi, na kupepeta majivu kila unapotaka kupika ni kazi inayohitaji roho ya mama.

Basi Juni iliyofuata nikanunua mifuko miwili ya PICS ya kilo 100, shilingi 5,000 kila mmoja. Kwa asiyeijua: ni mifuko mitatu ndani ya mmoja. Miwili ya ndani ni nailoni nzito, wa nje ni kiroba cha kawaida cha kuzuia ile nailoni isichanike. Ilianza miaka ya 1980 huko Cameroon, kwa ajili ya kunde, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Hakuna dawa yoyote ndani. Unajaza mfuko wa ndani, unakandamiza hewa itoke, unasokota shingo, unafunga kwa mpira, unaikunja shingo na kufunga tena. Kisha wa pili hivyo hivyo, kisha kiroba. Wadudu walioingia na mavuno wanaimaliza hewa wenyewe, wanaacha kula, wanakauka na kufa.

Na wataingia na mavuno, usijidanganye. Fukusi wa maharage hutaga mayai kwenye maganda yakiwa bado shambani, yale yanayoanza kukauka na kupasuka. Ndiyo maana siku hizi siachi maharage yakae shambani nikisubiri vibarua. Nikishapura nayaanika kwenye turubai mpaka yapite mtihani wa chumvi: weka punje kwenye chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu, tikisa, acha dakika kumi. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Maharage mabichi kwenye mfuko huu yataoza, na hapo usilaumu mfuko.

Mfuko wa kwanza nilijaza debe tano, nikaufunga nikausahau. Niliufungua Januari, bei ilipokuwa imepanda. Fukusi walikuwemo, wakavu, wa kuhesabika, na punje chache zilizotobolewa tangu mwanzo. Harufu safi. Mnunuzi alitia mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa konzi, akaiangalia, akaniuliza nimetumia dawa gani. Kwa kazi hiyo naupa nyota tano.

Mfuko wa pili ndio ulionifundisha. Nilitia debe mbili tu za kula nyumbani, kwa hiyo zaidi ya nusu ilikuwa nafasi tupu, na kila Jumamosi mtu anafungua kuchota. Wakati mwingine mtoto ndiye aliyechota, na mtoto hafungi shingo mara mbili. Kila ukifungua umewaletea wale wadudu hewa mpya. Oktoba nikawakuta wanatembea. Hawakuwa wengi kama wa kwenye gunia la mwaka juzi, lakini walikuwa hai, na wanataga. Kwa matumizi ya namna hiyo mfuko wa kilo 100 ni pesa ya bure. Chukua wa kilo 50, au ugawe maharage ya kula kwenye vyombo vidogo, ufungue kimoja kimoja.

Panya naye hajui kwamba ni teknolojia. Mimi niliweka juu ya mbao, mbali na ukuta, nikasalimika. Jirani yangu aliegemeza wake ukutani, ukatobolewa chini bila yeye kuona.

Mbegu yenyewe sikuthubutu kuiweka kwenye mfuko. Kilo nane nilitia kwenye madumu mawili ya lita tano yaliyokuwa ya mafuta ya kula, nikayaosha na kuyakausha siku tatu. Nilijaza hadi mdomoni, nikitikisa punje zishuke, nikaweka kipande cha nailoni chini ya kifuniko na kukaza. Dumu lililowahi kubeba dawa ya shamba au petroli usiliguse kabisa. Februari nilipofungua nilihesabu punje 20, nikazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu. Baada ya siku tano 18 zilikuwa zimeota. Madumu hayo hayakunigharimu hata shilingi.

Mfuko wa kwanza nautumia tena msimu huu. Niliupuliza hewa kama puto, nikaukandamiza karibu na shavu kusikiliza kama unavuja, haukuvuja. Ule wa pili nailoni ya ndani imechoka shingoni kwa kufungwafungwa, nimeufanya wa kufunikia kuni. Mama alipokuja aliyatazama madumu, akayagonga kwa kidole, akasema, "Sawa mwanangu, lakini ungetia na majivu kidogo." Dumu moja nimetia.