Ethiopia ya Kabla ya 1993 katika Kitabu cha Mitumba

Nilikinunua kitabu hiki kwa shilingi 15,000 kwa mchuuzi anayepanga vitabu vya mitumba kando ya barabara, Posta, Dar es Salaam, na baada ya kukisoma kwa majuma mawili naona kina thamani kubwa kuliko bei yake, ilimradi mnunuzi ajue anachonunua. Kinaeleza historia, jiografia na utamaduni wa Ethiopia kwa Kiingereza chepesi, na kilipigwa chapa miaka ya 1980, enzi za utawala wa Mengistu.

Umri wake unajitokeza mara moja kwenye ramani. Bandari za Massawa na Assab, ambazo leo ni za Eritrea, zimo ndani ya mipaka ya Ethiopia, kwa kuwa Eritrea ilipata uhuru wake mwaka 1993, na picha ya nguzo maarufu ya mji wa kale wa Aksum imepigwa Roma, mbele ya makao makuu ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ambako Italia iliisimamisha baada ya kuichukua mwaka 1937. Nguzo hiyo ilirudishwa kwao mwaka 2005 na kusimikwa upya mwaka 2008. Anayetafuta habari za leo asikitegemee kitabu hiki. Anayetaka kuiona nchi ilivyokuwa kabla ya mabadiliko hayo atafaidi sana.

Sura ya jiografia ni fupi na kavu. Uzuri wenyewe uko Lalibela, mji wa makanisa yaliyochongwa mwambani, katika picha ya kurasa mbili inayoonyesha kanisa la Mtakatifu Giyorgis kutoka juu: paa lenye umbo la msalaba liko sawasawa na ardhi, na kasisi mwenye shuka jeupe amesimama ukingoni, ndipo jicho linapotambua kina cha shimo na kwamba mafundi walichonga mwamba kuanzia juu kwenda chini. Nimependa pia ukurasa wa kahawa, unaoeleza kwamba buni hupikwa mara tatu mbele ya wageni na kwamba mkupuo wa tatu huitwa baraka, neno tusilohitaji kutafsiriwa.

Nasikitika kwamba Uislamu umepewa aya chache tu na Harar, mji wa kale wa Kiislamu, picha moja ndogo ya lango, ilhali wengi wetu tuliifahamu Uhabeshi kwanza kupitia kisa cha mfalme Najashi aliyewapokea masahaba wa Mtume.

Kuhusu hali ya kitabu, mgongo umelegea lakini kurasa zimeshonwa kwa uzi na hazichomoki. Madoa ya unyevu hayazuii kusoma. Kilichoniuma ni karatasi moja iliyochanwa katika sura ya vita vya Adwa vya mwaka 1896 kati ya Ethiopia na Italia, hivi kwamba jeshi la mfalme Menelik linaelekea kaskazini na ukurasa unaofuata tayari linashangilia ushindi. Mchuuzi alinihakikishia kuwa kitabu ni kamili, nami sikukifunua ukurasa kwa ukurasa palepale, jambo ambalo namsihi kila mnunuzi alifanye kabla ya kutoa fedha. Nimeshaagiza nitafutiwe nakala nyingine, hata yenye jalada bovu, mradi karatasi hiyo imo.