TAHADHARI: «Daktari wa meno ya farasi» anayezunguka Lubumbashi

Wandugu mnaofuga farasi Lubumbashi, Likasi na Kipushi, naomba msome hadi mwisho na mumtumie kila mwenye banda mnayemjua. Kuna mtu anazunguka kuanzia upande wa Golf hadi barabara ya Kasapa akijitambulisha kuwa daktari wa farasi, bingwa wa meno, aliyesomea Afrika Kusini. Anauza matunzo ya mwaka mzima kwa mkupuo: meno, chanjo ya peste ya farasi (ugonjwa wa virusi unaoua farasi), chanjo ya pepopunda na dawa ya minyoo, dola 150 kwa kila farasi, nusu ilipwe kabla hajafika. Anapopita anaacha farasi wenye vidonda mdomoni na vijitabu vya chanjo vilivyojaa mihuri isiyo na maana. Na mvua ziko karibu.

Sitaji jina. Kila banda amejitambulisha kwa jina tofauti, na huenda moja ya majina hayo ni la mtu mwingine asiye na hatia. Mtamjua kwa namna anavyofanya kazi.

Haanzi na mwenye farasi. Anaanza na watunzaji, asubuhi, wakati mwenye banda hayupo. Anasalimia vizuri, anawaachia pesa kidogo ya chai, anauliza ni farasi gani amekonda, yupi anasumbua akivishwa lijamu, yupi mzee. Kesho yake anampigia simu mwenyewe: «Mama, usiogope, lakini ule farasi yako ya mweupe, meno njo inamumaliza.» Mama anashangaa, kwa kuwa kweli farasi mweupe amekonda. Anaamini kwamba anaongea na mtaalamu. Ndipo inapofuata habari ya chanjo «iliyokwama Kasumbalesa», kule mpakani na Zambia, na ombi la nusu ya pesa kwa simu leo hii. Wengi wetu tumezoea tapeli anayekula pesa akapotea. Huyu hapotei. Anakuja kweli, na mashine, na koti jeupe, na anafanya kazi mbele ya macho ya watu. Ndiyo sababu amedumu.

Sasa nieleze kuhusu meno, kwa kuwa watu wengi hawajui kwa nini farasi apigwe tupa mdomoni, na hapo ndipo anapopenyea.

Meno ya farasi mkubwa hayaachi kutoka ufizini. Kila mwaka husogea nje milimita 2 hadi 3, na kutafuna majani huyala kwa kiasi hichohicho. Lakini taya la juu ni pana kuliko la chini, kwa hiyo magego hayakutani ukingo kwa ukingo. Sehemu isiyosagika hubaki na ncha kali: juu, kwa upande wa shavu, chini, kwa upande wa ulimi. Ncha hizo hukata nyama. Farasi anaanza kudondosha madonge ya majani yaliyotafunwa nusu, anapinda kichwa akila, anapigana na lijamu, na kwenye mavi yake unaona punje nzima za mahindi. Kazi ya tupa ni kuondoa ncha hizo tu. Uso wa gego lazima ubaki na makwaruzo yake, kwa sababu ndio unaosaga.

Huyu bwana anakuja na mashine ya umeme na anasawazisha gego zima mpaka linateleza kwa kidole. Kisha anamwita mwenye farasi aguse, na mwenye farasi anafurahi kwa ulaini ule! Kumbe akiondoa milimita 6 amekula miaka miwili au mitatu ya jino ambayo hairudi haraka. Zaidi ya hapo, mashine inayozunguka bila kupumzishwa wala kupozwa kwa maji hupasha jino moto, na ndani ya jino kuna nyama hai na mishipa. Nyama hiyo ikiungua, jino linaweza kufa na kuoza polepole, mwenye farasi asijue hadi uso uvimbe au pua moja ianze kutoa usaha wenye harufu. Farasi jike wa jirani yangu alifanyiwa hivyo. Hawezi tena kusaga majani makavu. Anaishi kwa pumba zilizolowekwa na majani mabichi yaliyokatwa mafupi. Mnyama huyu hakuwa na tatizo kubwa. Alikuwa na ncha, basi.

Daktari wa kweli hufanyaje? Kwanza anauliza historia na umri, na anamwangalia farasi akila. Anasikiliza moyo kabla ya dawa ya kutuliza. Anasuuza mdomo, anafunga chuma cha kutanulia taya, anavaa taa kichwani, anaingiza mkono na kupapasa gego moja moja hadi la mwisho kabla ya kushika tupa, na anaandika alichokiona. Huyu mtu haangalii ndani kabisa. Anashika ulimi, anauvuta pembeni, mashine inaingia. Kwa dawa ya kutuliza anatumia kichupa kilichobanduliwa karatasi yake. Hili lingetosha kumfukuza! Dawa hiyo huchomwa kwenye mshipa wa shingo, na karibu na mshipa huo unapita mshipa mwingine unaopeleka damu kichwani. Sindano ikiingia huo wa pili, farasi anaanguka palepale akitetemeka. Kwenye banda moja farasi alianguka hivyo, akaambiwa mwenyewe kwamba «dawa imemukubali sana». Halafu, farasi akiwa bado anayumba, bwana huyo akamwekea mahindi ili aonyeshe jinsi anavyokula vizuri sasa. Farasi aliyetulizwa hawekewi chakula hadi azinduke kabisa, vinginevyo chakula hukwama kooni.

Jambo lililomfichua ni jino.

Katika kila banda, mwisho wa kazi, anatoa mdomoni mwa farasi gego kubwa la manjano, anaonyesha upande uliooza, anasema hilo ndilo lililokuwa linamkondesha, na anaongeza dola 40 za kuling'oa. Watu walipiga picha, kwa kuwa ni jambo la kustaajabisha, wakarushiana kwenye simu. Mama mmoja wa Bel-Air alipoziweka picha pamoja aliona ufa uleule, umbo lilelile, doa lilelile jeusi. Ni jino moja linalosafiri mfukoni mwake!

Na hata bila picha, jambo lenyewe haliwezekani. Gego la farasi kijana huweza kuwa na urefu wa sentimita 8 na zaidi, sehemu kubwa ikiwa imezama ndani ya mfupa wa taya. Kuling'oa ni kazi ya ganzi, vifaa maalum na subira. Mara nyingine huchukua saa nzima au zaidi, na damu hutoka. Lile la kwake lilikuwa kavu. Kuna kijino kidogo ambacho hung'olewa kwa urahisi zaidi, kile kinachoota mbele ya gego la kwanza na kugongana na lijamu, lakini ni kidogo kama ncha ya kidole na si kila farasi anacho. Mtu akikuonyesha gego zima baada ya dakika tano, mwambie afungue tena mdomo akuonyeshe tundu lilipotoka.

Kuhusu chanjo, hapa nina hofu kuliko yote, kwa kuwa meno humtesa farasi lakini peste humuua. Ugonjwa huu huenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma kuanzia machweo hadi alfajiri, na huongezeka mvua zinapoanza. Farasi asiye na kinga akiambukizwa vikali, mara nyingi hufa ndani ya siku chache: homa kali, pumzi inakata, povu linatoka puani, mara nyingine vishimo vya juu ya macho vinavimba. Dawa ya kuutibu haipo. Kinga ipo.

Chanjo inayotumika kusini mwa Afrika hutengenezwa Afrika Kusini. Ni unga mkavu ndani ya kichupa, unaochanganywa na maji yake wakati wa kuchoma, nayo huja kwa vichupa viwili vyenye aina tofauti za virusi: cha kwanza aina ya 1, 3 na 4, cha pili aina ya 2, 6, 7 na 8. Viwili hivyo havichomwi siku moja. Kati yake lazima zipite angalau wiki tatu. Na safari nzima, kutoka kiwandani hadi bandani, hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8.

Huyu bwana anatoa kwenye mkoba wa mgongoni, mchana kwenye jua la Lubumbashi, bomba la sindano ambalo tayari limejazwa maji meupe. Anachoma mara moja, anagonga muhuri, anaandika «peste, tetanos, OK». Hakuna karatasi ya kichupa iliyobandikwa, hakuna namba ya toleo, hakuna tarehe ya kuisha, hakuna jina la daktari. Hata pepopunda, hiyo tetanos, ambayo farasi huathirika nayo kuliko karibu wanyama wote wa nyumbani, huhitaji sindano mbili za mwanzo zenye nafasi ya wiki 4 hadi 6. Yeye ameimaliza kwa dakika.

Minyoo nitaieleza kwa ufupi. Anachoma ivermektini ya ng'ombe kwenye msuli wa shingo. Farasi hupewa ya kulamba, inayowekwa juu ya ulimi na kupimwa kwa uzito, maana ile ya ng'ombe ikichomwa kwenye msuli wa farasi imewahi kuleta uvimbe wa vijidudu hatari na vifo. Uzito mnaweza kuukadiria wenyewe kwa utepe wa fundi nguo: mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kwa sentimita, uzidishe wenyewe kwa wenyewe, zidisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, kisha gawanya kwa 11,880. Unapata kilo. Mtu anayetoa dozi ileile kwa farasi mdogo na kwa farasi mkubwa hajui anachofanya.

Ninawaomba msimpige mkimkuta. Najua hasira ilivyo mjini kwetu na jinsi umati unavyokusanyika haraka. Mzuieni asiguse mnyama, pigeni picha ya vichupa na mashine, hifadhini ujumbe wa malipo ya simu, na mpeleke malalamiko polisi na kwenye idara ya mifugo ya mkoa. Malalamiko ya watu wengi yakiwa pamoja yana uzito. La mtu mmoja hulala mezani.

Pia msiwafukuze watunzaji. Nimesikia mmiliki mmoja amemfukuza kijana wake kwa kuwa «alimwingiza mwizi». Kijana yule aliulizwa habari za farasi na mtu mwenye koti la daktari, akajibu kwa heshima. Wao ndio wanaowaona farasi wakila kila siku, na mtunzaji mmoja ndiye aliyesema mapema kuwa jike yule anadondosha madonge, hakusikilizwa. Waambieni tu kwamba hakuna sindano wala chuma kinachoingia mdomoni bila mwenye farasi kuwepo.

Tunao madaktari wa kweli. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha udaktari wa mifugo hapahapa, na si lazima mtu awe ametoka Sauzi ndipo ajue kazi. Ulizeni diploma, ulizeni amefanya kazi kwa nani, kisha mpigie huyo aliyetajwa. Kwa farasi mkubwa mwenye afya, kuangaliwa meno mara moja kwa mwaka kunatosha kwa kawaida. Wa miaka 2 hadi 5, anayebadilisha meno ya utoto, na mzee aliyevuka miaka 20, ni vizuri kila miezi sita. Hakuna dharura ya meno inayotaka nusu ya pesa kwa simu ndani ya saa moja.

Kama ameshapita kwenu: hesabuni kwamba farasi hajachanjwa, hata kijitabu kikisema nini. Mwiteni daktari mapema, mumweleze kilichochomwa na kama kuna jike mwenye mimba, kwa sababu chanjo ya peste ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa na yeye ndiye atakayeamua nani achomwe na lini. Kwa sasa waingizeni farasi bandani kabla ya jua kuzama na msiwatoe hadi jua limepanda. Kagueni shingo pale palipochomwa: uvimbe unaokua, unaouma au unaotoa sauti ya hewa ukibonyezwa ni wa kumwita daktari usiku huohuo. Farasi aliyeachiwa jeraha mdomoni na hana chanjo ya pepopunda asisubiri wiki. Na vichupa alivyovitupa kwenye takataka za banda msivichome moto. Vifungeni kwenye mfuko, muandike tarehe na banda, mvihifadhi hadi daktari na idara wavione.