Ekseli ya krenki: pima urefu kabla hujalipa

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanafanana. Mtu kanunua ekseli mpya ya krenki ya baiskeli, ile inayopita kwenye fremu na kushika mikono miwili ya pedali, kaambiwa ni "68", kafunga vizuri, halafu meno ya mbele yanasugua fremu. Au cheni inalia kila akiingiza giya ndogo ya nyuma. Akirudi dukani anajibiwa, "Si uliomba 68? Ndiyo hiyo." Jamani, 68 ni upana wa bomba la fremu ambamo ekseli inakaa. Haisemi lolote kuhusu urefu wa ekseli yenyewe, na urefu ndio unaoharibu kazi.

Nazungumzia ekseli yenye ncha za mraba, ile ambayo beringi zake zimefungwa ndani ya katriji, yaani kopo moja lisilofunguliwa. Zile za kisasa, zenye ekseli nene ya mm 24 iliyoshikana na mkono wa krenki, zina vipimo vyake tofauti kabisa.

Bomba halisumbui. Lipime upana kutoka ukingo hadi ukingo: nyingi ni mm 68, za milimani mara nyingi 73, na za Kiitalia 70. Soma pia maandishi kwenye kikombe, ile pete yenye nyuzi za skrubu inayokazwa kwenye bomba. Ukiona BC 1.37×24 ni nyuzi za Kiingereza, na kikombe cha kulia kinakazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Ukiona 36×24 ni za Kiitalia, na pande zote mbili zinakazwa kwa mwelekeo wa kawaida. Anayelazimisha hapa anakula nyuzi za fremu.

Sasa urefu. Toa krenki zote mbili, chukua kalipa, pima ekseli kutoka ncha hadi ncha. Utapata 110, 113, 118, 122.5 au namba nyingine ya jamii hiyo, na kwenye katriji mara nyingi imeandikwa kabisa baada ya 68. Ukiongeza urefu, ongezeko linagawanyika pande mbili. Chukua baiskeli ya barabarani yenye duara mbili za meno mbele, ambayo cheni yake inatakiwa kupita kama mm 43.5 kutoka katikati ya fremu. Ukitoa ekseli ya 113 na kuweka ya 122.5, umeisogeza cheni nje karibu mm 5. Hapo itakwenda mshazari, italia, na meno yataisha mapema. Ukikosea upande wa pili, ukaweka fupi mno, krenki inakwangua fremu.

Ekseli za zamani za goroli ziangalie mara mbili, kwa sababu nyingi upande wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto. Pima kila upande peke yake kabla ya kuchagua katriji.

Halafu kuna mraba wenyewe. Una viwango viwili: upo wa JIS, wa Kijapani, wanaoutumia Shimano, na upo wa ISO, wa kimataifa, ulio kwenye krenki nyingi za zamani za Campagnolo ya Italia. Kwa macho ni pacha, lakini ncha ya ISO ni nyembamba kidogo. Krenki ya JIS ukiivika ekseli ya ISO inazama ndani zaidi, na inaweza kufika mwisho kabla haijabana. Bolti utaona imekaza, kumbe krenki inacheza, na tundu lake la mraba linalika hadi halifai tena.

Katika kununua, namba moja kwangu ni Shimano UN300, na sioni haya kuipendelea. Ina urefu wa aina nyingi, imeandikwa wazi, na haihitaji kurekebishwa beringi. Ya pili ni Tange Seiki, hasa ukitaka fupi kama 103 au 107. Ya tatu ni Phil Wood ya Marekani. Ni ghali, ila unaweza kuisogeza kushoto au kulia ndani ya bomba ukanyoosha mstari wa cheni, na ya ISO wanatengeneza. Mwenye krenki ya Kiitalia aliyoipenda asibanie fedha hapa.

Za bei ya chini kabisa, zisizo na jina, nunua tu ikiwa urefu umeandikwa.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Wauzaji wanabandika "inaingia baiskeli zote" kwenye kitu chenye vipimo vinne tofauti. Namba ya urefu wanaiacha, picha wanaipiga upande usio na maandishi, na ukishaipaka grisi hawaipokei tena. Mtengenezaji kaichapa namba pale pale kwenye chuma. Kuinakili kwenye tangazo kunahitaji nini? Kabla hujalipa, dai picha ya maandishi hayo: upana, nyuzi, urefu. Kisha uliza kama mraba ni JIS au ISO. Asiyejua, kanunue kwingine.